Baba Mdogo wa Mchanga

Asubuhi ile mke wa fundi cherehani alipoonekana uani akimburuta baba mkwe wake kinyumenyume, amemkamata makwapani, visigino vya mzee vikichora mistari miwili vumbini, jengo zima lilishuhudia, na jengo zima lilikosea.

Wa kwanza kukosea, kama kawaida yake, alikuwa jirani wa chini kabisa, mama mtu mzima ambaye mlango wake ulitazamana na ngazi na haukufungwa mchana hata mara moja. Watu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akafuta mdomo, akatoka kwenda kutetea haki za wazee duniani.

"We mama! Mzee wa watu kakukosea nini?"

Mke wa fundi hakujibu. Si kwa kiburi. Pumzi ya kujibia hakuwa nayo.

"Nakuuliza wewe! Mumeo anajua unachomfanyia baba yake?"

"Anajua," alisema yule mwanamke akihema. "Yeye ndiye aliyemshona."

Redio alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo, hakikutoka kitu. Ndipo filimbi ikalia juu. Watu wakainua vichwa. Barazani ghorofa ya nne, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwa amekaa mzee mwenyewe, mzima, mnene, filimbi ikining'inia mdomoni.

"Mwache binti yangu afanye kazi!" alinguruma. "Huyo unayemlilia ni mdogo wangu. Anaitwa Baba Mdogo. Msalimie!"

Redio akatazama vizuri. Koti lilikuwa la mzee, suruali ya mzee, kofia ya mzee. Lakini uso ulikuwa kipande cha gunia chenye vifungo viwili mahali pa macho, na ndani ya koti hamkuwa na mtu bali mchanga. Madirisha yote yakacheka kwa pamoja. Redio akarudi kwenye chai yake akiapa kwamba kuanzia siku hiyo hatakisalimia kitu chochote kitakachoshuka ngazi zile kimevaa lile koti, hata kikimwamkia chenyewe.

Kiapo hicho kitunzwe. Kitahitajika.

*

Mzee alikuwa mwamuzi wa mpira enzi zake. Alitoa watu uwanjani kwa kidole tu, na manahodha wenye vifua kama milango walimwita "bwana mkubwa" wakirudi nyuma. Kisha ugonjwa ukaja ukaichukua miguu yake, na katika ukarimu wake ukamwachia uzito wote uliobaki. Familia ilikaa ghorofa ya nne. Mahali pa lifti palikuwepo; palitunziwa ndoo na mafagio.

Kwa hiyo mzee aliishi barazani, akiutazama mji kama mtu aliyekata tiketi ya mechi isiyokwisha. Alishuka kwa sababu moja tu, kliniki, na kumshusha kulihitaji wabeba samani wanne.

"Hii ni bei ya kabati la milango mitatu," kiongozi wao alisema mara ya mwisho, akimzunguka mzee kutafuta pa kushika.

"Kabati halina presha," fundi alijibu.

"Ndiyo maana lile sijali likigonga ukuta. Lipa, bosi, tuna makochi yanatusubiri."

Fundi akalipa. Walimteremsha na kiti chake. Kwenye kona ya ghorofa ya pili wakamtua wapumzike, na mmoja wao, bila ubaya wowote, akaegemeza kiwiko begani mwa mzee, akatoa simu, akaanza kuongea na mtu kuhusu kochi. Alizungumza kirefu. Mzee alitazama ukuta. Yeye ambaye zamani hakuguswa hata na nahodha, alikaa kimya kama meza chini ya kile kiwiko.

Mke wa fundi alikuwa nyuma yao, amebeba viatu vya mkwewe. Aliona. Hakusema neno mpaka jioni, mumewe alipokuwa akipiga pasi suruali ya mteja.

"Ile nafasi ya kudumu kituo cha zimamoto nimeiomba."

Fundi akainua pasi. "Ile ya kukimbia na kuburuta? Mama, umeshawahi kukimbia hata kwenda sokoni?"

"Ina nyumba. Vyumba viwili, uani mwa kituo. Iko chini, mume wangu. Mlangoni hakuna ngazi. Hata moja."

Fundi alisimama na pasi hewani mpaka ikaanza kulia mvuke. Kisha akaenda chumbani, akarudi na koti kuukuu la baba yake, akaanza kulipima kwa macho.

*

Mkewe alikuwa zimamoto wa muda, maana yake alizima moto uleule kama wenzake ila yeye hakuwa na kabati la nguo. Sare yake ilikuwa ya mwanamume mwenye tumbo. Na kituo chao kilikuwa na desturi ambayo hakuna kituo kingine kilichoionea wivu: anayetaka ajira ya kudumu hukimbia marathoni ya mji, yote, kilomita arobaini na mbili na kipande chake, halafu, kabla makalio yake hayajagusa kitu chochote, humburuta Majeruhi kutoka mlango wa gereji hadi mstari mweupe. Majeruhi ni sanamu la mazoezi, zito kama mjomba aliyelala baada ya kushiba. "Moto hausubiri upumzike," Mkuu wa kituo alipenda kusema, mtu ambaye yeye mwenyewe alipumzika kwa bidii sana.

Waombaji walikuwa watatu. Kreni alikuwa na shingo pana kuliko kichwa, na alinyanyua matairi ya lori badala ya kusalimia. Uzi alikuwa mwembamba kiasi kwamba mvua ilimkosa, na alikimbia kama aliyeiba.

"Mbio ni za watu wanaokimbia kitu," alisema Kreni. "Mimi moto ndio unanikimbia."

"Nguvu za nini?" alisema Uzi. "Nitafika kwa Majeruhi nikiwa sijatoka hata jasho. Nitamvuta huku napiga mluzi."

Wote wawili wakamgeukia yule mama aliyekunja mikono ya sare mara tatu.

"Na wewe dada, uko upande gani?"

"Zote mbili."

"Basi huna upande," Kreni akasema, wakacheka, na Mkuu, aliyekuwa akipita, akacheka pia ili asionekane hajasikia.

*

Baba Mdogo wa kwanza alipasuka siku ileile aliyozaliwa. Fundi alimshona mshono mmoja, kama suruali ya kawaida, na kwenye ghorofa ya tatu mchanga ulimtoka mahali ambapo heshima hairuhusu kupataja, ukatiririka ngazi zote mpaka mlangoni kwa Redio. Wa pili alishonwa mishono miwimiwili kwa uzi wa turubai. Huyo ndiye aliyeleta kashfa ya uani.

Mke wa fundi alijitupa katika mazoezi kama mtu anayedaiwa na miguu yake. Alfajiri alikimbia mpaka nje ya mji na kurudi. Jioni akamburuta Baba Mdogo mpaka giza. Kesho yake yaleyale. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Kadiri alivyozidisha bidii, ndivyo alivyozidi kuwa dhaifu. Alianza kukimbia taratibu kuliko wiki iliyopita, na Baba Mdogo, ambaye hakuwa ameongezewa hata punje, alionekana kunenepa.

Mzee aliyaona yote kutoka barazani. Siku moja mkwewe alipokuwa akirudi kutoka mbioni, ameburuta miguu kuliko alivyowahi kumburuta Baba Mdogo, filimbi ililia kwa ukali. Mkono ukatokea juu ya ukuta wa baraza, umeshika kadi ya njano.

"Kosa gani, Baba?" aliuliza alipofika juu.

"Jana ulivuta mchanga. Leo unakimbia na miguu ya jana. Kila siku unafanya mambo mawili, na yote mawili nusu. Hata mchezaji mpumbavu anajua timu haichezi mechi mbili kwa siku."

"Muda hautoshi."

"Muda unatosha. Wewe ndiye hutoshi. Utafanya ninavyosema au utatoka uwanjani kwangu?"

"Baba," alisema fundi kutoka kwenye cherehani, "uwanja gani?"

"Nyamaza, mshika kibendera."

Basi mzee akatwaa madaraka. Siku ya kuvuta ilikuwa ya kuvuta tu, mizigo mizito, mara chache, na kula vizuri baada yake. Siku ya mbio ndefu Baba Mdogo alikaa kitini mezani pamoja nao, amevuliwa kofia. Kulikuwa na siku za kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea, na mzee alimlazimu aongee kweli, apite chini ya baraza akisimulia mambo ya sokoni kwa sauti. Redio alizipenda sana siku hizo. Na kulikuwa na siku za kadi nyekundu. Kadi nyekundu ilimaanisha kulala, miguu juu ya mto, hata kufagia marufuku.

"Kadi nyekundu ni adhabu ya mchezaji," mke wa fundi alilalamika. "Mimi nimekosa nini?"

"Kwangu ni dawa. Lala."

Mwezi haukuisha, akaanza kupaa. Alikimbia vilima alivyokuwa akivitembea. Baba Mdogo akawa mwepesi ghafla, na fundi akaamriwa amwongezee mchanga tumboni, akamtanua koti kwenye mishono kama mteja aliyerudi kutoka likizo.

*

Kosa lenyewe lilitendeka wakati marathoni imekaribia na mji mzima umebandikwa matangazo. Ilikuwa siku ya kadi nyekundu. Kituoni, siku iliyotangulia, Kreni alikuwa amempima mbele ya watu kwa kumshika mkono wa juu kwa vidole viwili, akasema, "Hiki ni kijiko au uma?" Maneno hayo yalilala naye kitanda kimoja. Mchana, mzee alipokuwa akikoroma, alimkamata Baba Mdogo mwenye tumbo jipya akaanza kumshusha ngazi peke yake.

Kwenye kona ya ghorofa ya tatu kitu kilikata mgongoni, kama uzi unaokatwa kwa meno. Alianguka chali. Baba Mdogo, aliyekuwa juu yake ngazi mbili, alimfuata na kumlalia.

Redio alipanda kuangalia mshindo. Alisimama akaitazama ile hali.

"Sasa leo zamu ni yake?" aliuliza.

Mke wa fundi alitaka kucheka, akalia.

Fundi aliitwa dukani kwake. Alimbeba mkewe mgongoni ngazi zilizobaki, akitweta, sindano bado zimechomekwa kolani. Walipoingia, mzee alikuwa ameshaamka, na kadi nyekundu ilikuwa mezani.

"Nilikwambia lala."

"Ninafanya kwa ajili yako, Baba! Unadhani napenda? Unadhani sikuona kile kiwiko?" Sauti ilipanda mpaka ikapasuka. "Walikufanya meza! Mimi nilikuwa nyuma nimeshika viatu, nikanyamaza!"

Mzee aliivuta kadi karibu.

"Nilijua umeona," mzee alisema taratibu. "Kilikuwa kiwiko kizito." Akageuza kadi chini juu. "Sasa nisikilize. Katika nyumba hii nafasi ya mlalaji ni moja, na imeshajazwa. Usiombe kazi yangu. Ukilala na wewe, nani atatushusha? Huyu?" Alimwonyesha mwanawe, ambaye bado alikuwa ameinama katika umbo la mtu aliyebeba. "Amekubeba ngazi chache tu, tazama, amebaki alama ya kuuliza."

Kicheko kilianzia kwa fundi. Mkewe alicheka akishika mgongo.

Alipumzika kwa kadi, siku baada ya siku. Alianza tena kwa kutembea, kisha mbio za kuongea, kisha Baba Mdogo aliyepunguzwa tumbo. Mkuu wa kituo alimshauri ajitoe kwa heshima. Alikataa kwa heshima. Jioni moja alimuuliza mkwewe, "Baba, kadi ya kusema endelea hakuna?"

"Endelea haina kadi. Endelea ni hivi." Mzee akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayefagia hewa. "Maana yake, nimeliona kosa, najua umeumia, lakini mpira unao. Cheza."

*

Siku ya marathoni Uzi aliondoka kama risasi. Kreni naye aliondoka kama risasi, jambo lililowashangaza wote, na lililomshangaza zaidi yeye mwenyewe baada ya kilima cha kwanza. Mke wa fundi aliondoka kama mtu anayekwenda kununua chumvi, akiongea peke yake habari za sokoni. Wakimbiaji walimpisha. Baadaye, mmoja mmoja, aliwapita. Karibu na daraja alimpita Kreni, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara na soda, akiitazama miguu yake kama wageni wasio na shukrani.

"Dada," alisema Kreni, "hivi ni kweli kwamba bado ni mbali?"

"Bado," alisema, akapita.

Njia ilipita mtaani kwao kuelekea mwisho, na hapo ndipo mgongo ulipokumbuka. Maumivu yalianza madogo, yakavimba, na mbele ya jengo lao miguu ikashuka kutoka mbioni ikawa inatembea, kisha ikawa karibu kusimama.

"Unatembea?" Redio alipaza sauti mlangoni. "Kelele zote zile uani, halafu unatembea?" Lakini alikuwa ameshatoka na kikombe. "Haya, kunywa. Kunywa nakwambia, usije ukanifia mlangoni."

Alikunywa. Filimbi ikalia.

Hakutaka kuinua macho. Aliiogopa ile kadi nyekundu. Aliyainua. Mzee alikuwa amejivuta mpaka kifua kimeegemea ukuta wa baraza, na mikononi hamkuwa na kadi. Mikono yote miwili ilikuwa mbele, viganja juu, ikifagia, ikifagia.

Akaondoka.

Katika uwanja wa kituo Uzi alikuwa amefika kitambo. Alikuwa amemshika Majeruhi na hakuwa akipiga mluzi. Miguu ilikuwa nayo hamu, lakini mikono yake ilikuwa kamba za viatu. Alivuta, sanamu likasogea kiganja. Akavuta tena kwa nguvu zote, vidole vikachomoka, naye akakaa chini kwa kishindo. Makalio yaligusa ardhi. Mkuu akatikisa kichwa.

Mke wa fundi aliingia getini amepinda upande mmoja. Mumewe alikuwa kwenye uzio, amejichoma sindano kidoleni na hajui. Akapita kwa Uzi, akampapasa bega, akainama kwa magoti na si kwa mgongo, akapitisha mikono makwapani mwa Majeruhi na kufunga viganja kifuani mwake. Sanamu halikusogea. Akavuta pumzi, akakaza tumbo. Visigino vya sanamu vikakwaruza. Hatua ndogo, kinyumenyume, hatua ndogo. Njiani mikono ilianza kutetemeka, na kila mtu pale aliona, na kila mtu alijua kwamba akimwachia hatamwinua tena. Alikuwa akinong'ona kitu. Mkuu aliyekuwa karibu alidhani ni sala. Alikuwa akimwambia Majeruhi bei ya nyanya.

Mstari mweupe ukapita chini ya viatu vyake, kisha chini ya vile vya Majeruhi.

"Kaa sasa, mwanangu," alisema Mkuu. "Kaa. Umepata."

"Siwezi, Mkuu. Magoti hayakunjiki."

Kreni alifika watu wakiwa wanakula, viatu mkononi. Aliambiwa nafasi imeshapata mtu. Akafikiri, akamshika Majeruhi kwa mkono mmoja, akamrudisha gerejini, kwa kuwa lazima mtu angemrudisha.

*

Siku ya kuhama fundi alitaka kuwaita wabeba samani. Mkewe, ndani ya sare mpya iliyopunguzwa ikamkaa kama ngozi, alimtazama tu. Basi fundi akaleta alichokuwa amekishona kwa siri: mbeleko ya turubai, mishono miwimiwili, ya kumbebea mtu mzima.

"Mimi nibebwe kama mtoto?" mzee aliuliza.

"Kama majeruhi," alisema mkwewe. "Ni kazi yangu, ninalipwa."

Walimvisha lile koti, wakamfunga. Alisimama naye, magoti yakalalamika, yakatii. Fundi alitangulia na kiti cha mezani. Kila kona mzee alipiga filimbi, wakapumzika. Kwenye ghorofa ya pili, akiwa ametuliwa kitini, mzee alimvuta mwanawe karibu, akaegemeza kiwiko begani mwake, akaweka kiganja sikioni. "Haloo," alisema kwa sauti kubwa. "Ndiyo, kochi. Nipo kwenye ngazi, nitakupigia." Walicheka mpaka mke wa fundi akaomba muda wa nyongeza.

Chini, Redio alikuwa na chai yake. Aliona koti likishuka mgongoni mwa mwanamke, akageuza uso upande wa pili. Alitoka nje, akainua macho barazani ghorofa ya nne, ambako kwenye kiti cha siku zote kulikuwa na mtu mnene amevaa kofia.

"Shikamoo mzee!" alipaza sauti. "Waone wanao, hawajaacha ujinga! Leo wamelivalisha mpaka viatu!"

Aliye juu hakujibu. Vifungo vyake viwili vilitazama mji kwa utulivu wa mtu aliyeajiriwa karibuni.

"Marahaba," lilijibu lile koti nyuma yake.

Kikombe kilipasuka. Na visigino vya mzee, vilivyoning'inia chini kidogo ya magoti ya mkwewe, viligusa vumbi la uani alipochuchumaa kumtua.